Bandi Nyekundu Korongoni

Mke wangu ana kawaida ya kutembea nyuma yangu, si kwa heshima bali kwa ubishi. Anasema anayetangulia ndiye anayemkanyaga nyoka, na kwa kuwa kati yetu kuna mmoja anayependa kutangulia kila mahali, basi na atangulie na hapo. Tumekwenda hivyo sokoni, hospitalini na kwenye arusi za watoto wetu. Na ndivyo tulivyoingia korongoni.

Katika chumba chetu cha kushonea mambo yalikuwa hayo hayo. Mimi nilisimama kwenye meza ya kukatia, karibu na mlango, penye mwanga. Nilipima, nikachora kwa chaki, nikakata, kisha nikaunganisha vipande kwa bandi, yaani ule mshono wa muda, wa mkono, wenye hatua ndefu, unaoshika kitambaa kisiteleze mpaka cherehani ipite. Bandi zangu nilizipiga kwa uzi mwekundu ili zionekane. Kutoka kwangu nguo ilikwenda mkono wa kulia, kwa mke wangu. Yeye alipitisha cherehani, kisha akachukua mkasi mdogo aliouning'iniza shingoni kwa kamba, akakata na kuchomoa bandi moja moja mpaka ya mwisho. Nguo yenye bandi iliyosahaulika, alisema, ni kama mtu aliyetoka kuoga na povu sikioni. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia "toa bandi," wala yeye hakuwahi kuniuliza "nitoe?" Mimi natia, yeye anatoa. Watoto tumewasomesha kwa mtindo huo.

Mtaani walimwita Pasi, kwa sababu alipata moto upesi. Mimi waliniita Fundi, jina ambalo sikulipata bure.

Juu ya cherehani yake palikuwa na kalenda. Mwaka wake ulikwisha zamani lakini picha ilibaki: maporomoko ya maji yakishuka kwenye ukuta wa mwamba, meupe, membamba, kama nyuzi zinazoning'inia kwenye upindo usiomalizwa. Maporomoko hayo yako upande wa pili wa vilima, safari ya asubuhi moja kwa gari kutoka kwetu, lakini ni ya msimu. Mvua zikinyesha vizuri huonekana kwa wiki chache. Zikikata, mwamba hukauka na hakuna cha kutazama. Na mvua huja wakati shule zinafunguliwa. Kila maji yaliposhuka kule, sisi huku tulikuwa tumezama kwenye sare za shule mpaka shingoni.

"Mwakani," nilimwambia.

"Huyo mwakani ana miguu ya kobe," alinijibu, na kukanyaga cherehani.

Mwaka huu binti yetu alikichukua chumba cha kushonea na kutuondoa kwa adabu, kama mtu anayeondoa vyombo mezani wageni wakiwa bado wamekaa. Mume wake, mkwe wetu, ni dereva wa gari dogo la mizigo. Akasema atatupeleka korongoni, atashusha mzigo wake mji wa mbele, kisha atarudi kutuchukua alasiri.

"Baba, dawa ya presha umemeza?" aliniuliza tuliposhuka.

"Nimemeza."

"Mama, amemeza?"

"Amemeza. Niliisikia ikishuka."

Mahali pa kuingilia palikuwa na mnyororo, kibao kilicholiwa na kutu, na mlinzi aliyekaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Alitusalimu shikamooni, tukaitikia. Akasema watu hawaji sana siku hizi, nyasi zimefunika njia, na kama tunataka kuna kijana anayeweza kutuongoza, aitwe kutoka nyumbani. Nikamwambia haina haja. Nimesoma jiografia, nikaongeza, na nimeisoma usiku baada ya kazi, wakati wenzangu wamelala. Ramani naielewa.

"Ramani gani, mzee wangu?" mlinzi aliuliza, si kwa ubaya.

Kwa hakika ramani sikuwa nayo. Lakini nilikuwa na kitu bora. Nyumbani nilikuwa nimekata vitambaa virefu vyembamba kutoka kwenye mabaki ya sketi za shule, kitambaa chekundu ambacho nilikinunua mwenyewe na ambacho, kama nilivyowaapia wateja, hakichuji rangi. ("Hakichuji," mke wangu alikuwa akiwaongezea, "mpaka kikutane na maji.") Kila njia itakapogawanyika nitafunga kitambaa kwenye tawi la upande tuliopita. Wakati wa kurudi tutavifuata tu. Sikumweleza mke wangu. Niliona ni jambo linalojieleza.

Tukaruka mnyororo, yeye akilalamika juu ya magoti, tukashuka.

Mwanzoni korongo lilikuwa pana na lenye jua. Kijito kilipita katikati, maji yake safi, hayafiki kifundo cha mguu. Halafu kuta za mwamba zilianza kusogeleana. Nyasi zilinifika kifuani, zikashika suruali yangu kama mikono ya watu wanaoomba kitu. Njia ilionekana hapa, ikapotea pale, ikaibuka tena ng'ambo ya kijito.

"Fundi," mke wangu aliita nyuma yangu, "hii ni njia au ni shamba la marehemu?"

"Ni njia."

"Basi imenyamaza sana kwa njia."

Alisema kweli. Palikuwa kimya. Si kimya cha nyumba ambayo watu wametoka, ni kimya cha nyumba ambayo watu wako ndani na wamezuia pumzi. Sikusikia ndege. Nyayo zetu ziligonga ukuta mmoja zikarudishwa na mwingine, hata ikawa kama kwamba nyuma yetu wanakuja wengine, wanaosimama sisi tukisimama.

Korongo lile lina mikono mingi. Kila baada ya mwendo kidogo ukuta ulipasuka na mkono mwingine ukaingia, wenye nyasi zile zile na mwamba ule ule, kana kwamba yote imekatwa kwa kielelezo kimoja. Kwenye kila mgawanyiko nilichagua mkono wenye maji mengi zaidi, maana maporomoko hayawezi kuwa pakavu, nikachukua kitambaa, nikafunga fundo langu, fundo ambalo halifunguki, nikaendelea. Mke wangu alikuwa mbali kidogo nyuma. Nilimsikia akija, akisimama, akija.

Mahali fulani tulipita chini ya mti uliojitokeza kwenye ukuta. Juu sana kuliko kichwa changu, kwenye uma wa matawi, palikuwa na kiatu. Kiatu kimoja cha mtu mzima, kimekauka na kukunjamana.

"Nani huyo anavulia viatu juu ya mti?" mke wangu aliuliza.

"Mtu mrefu."

Tukacheka, na kicheko chetu kikaenda mbele kikarudi kimebadilika. Hatukucheka tena.

Maporomoko tuliyafikia jua likiwa limepita utosini. Korongo liliishia kwenye duara la mwamba, na kutoka juu maji yalishuka, nyuzi nyingi nyeupe, nyingine zikikatika hewani kabla ya kufika chini. Mke wangu alisimama mdomo wazi. Nilimwacha. Nilikaa juu ya jiwe nikamtazama yeye badala ya maji, kwa sababu maji nilikuwa nimeyaona kwenye kalenda lakini uso ule sikuwa nimeuona siku nyingi.

"Ni madogo kuliko ya kwenye picha," alisema hatimaye.

"Unataka turudishe?"

"Nyamaza, baba. Acha niyatazame."

Tulikula mayai ya kuchemsha na mkate, tukanywa chai kutoka kwenye chupa. Alichutama kandoni mwa kijito kusuuza vikombe. Akakaa hivyo, kikombe mkononi, muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

"Njoo uone," akasema. "Maji yamekuwa chai."

Yalikuwa yamegeuka rangi. Yalikuwa ya chai ya maziwa, na juu yake vilielea vijiti, majani makavu, na povu la kijivu lililozunguka kwenye kona za mawe. Nikatazama juu. Mbingu tuliyoiona ilikuwa kipande chembamba kati ya kuta, kama futi ya kupimia iliyonyooshwa, na kipande hicho kilikuwa cha buluu, safi, bila wingu. Kisha nikatazama maporomoko. Zile nyuzi zilikuwa zimeanza kushikana.

Mwalimu wetu wa jiografia, kwenye yale masomo ya usiku, aliwahi kuchora mto ubaoni wenye matawi yote, akagonga chaki juu kabisa, mbali na mahali alipochora nyumba. "Mvua inayokuua," alisema, "si hiyo inayokunyeshea." Niliandika maneno hayo na kuyakariri na kuyafanyia mtihani. Na asubuhi ile nilisimama kwenye mnyororo, nikatazama juu ya kichwa changu tu, nikasema hali ya hewa ni nzuri.

Na hapo ndipo nilipokielewa kile kiatu. Hakuna aliyekitundika. Maji ndiyo yaliyokiacha pale.

"Tuondoke," nilisema.

"Chai haijaisha."

"Mama, tuondoke sasa hivi."

Alinitazama, akafunga chupa. 

Sikumweleza juu ya maji. Nilijiambia kwamba akiogopa atakimbia, akikimbia ataanguka, na magoti yale yakianguka sitaweza kumbeba. Nilikuwa na vitambaa vyangu. Tutakwenda haraka, tutavifuata, tutatoka. Nilijirudia hayo mpaka kwenye mgawanyiko wa kwanza.

Kitambaa hakikuwepo.

Nilisimama. Nilikumbuka kichaka, nilikumbuka hata nilivyochomwa na mwiba nikikifunga. Nikajiambia nimekosea, kitakuwa mbele kidogo. Nikachukua upande niliodhani, tukapita, na bahati ikawa nasi, maana niliutambua mwamba wenye umbo la pua. Kwenye mgawanyiko uliofuata niliangalia kwa makini, tawi kwa tawi. Hapakuwa na kitambaa. Lakini nilipata tawi lenyewe. Ncha yake ilikuwa imekatwa. Haikuvunjika, haikung'olewa na upepo. Ilikatwa kwa chuma chenye makali, mkato mweupe, mbichi, bado una majimaji. Na kwenye ganda lake ulinasa uzi mmoja mwekundu.

Palikuwa na mtu. Alikuwa ametufuata tangu asubuhi, karibu, ana kisu, na kila nilipofunga alama alikuja nyuma yetu akaikata. Kwa nini mtu afanye hivyo? Jibu nililopata ni moja: ili tusitoke. Nikakumbuka zile nyayo zilizosimama tuliposimama. Nikakumbuka mlinzi na yule kijana aliyetaka kumwita nyumbani, na namna nilivyomkataa mbele ya watu. Hakukuwa na watu, lakini hofu iliwaongeza.

Niliokota fimbo.

"Ya nini hiyo?" mke wangu aliuliza.

"Ya kutembelea."

"Tangu lini?"

"Mguu unauma kidogo."

Niligeuka kumtazama, na macho yangu yakapita juu ya bega lake kwenda kwenye nyasi. Zilitikisika. Ulikuwa upepo, au hakukuwa na upepo, sijui. Moyo wangu ulipiga hata nikaweka kiganja kifuani kuushikilia. Nikaona yeye ananiona. Akatia mkono mfukoni mwa sweta lake na kuuacha humo.

"Twende taratibu," alisema.

"Hapana. Haraka."

Sasa maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na ule upande wa njia tulioujia umekuwa chini yake. Sauti pia ilibadilika. Asubuhi kijito kilikuwa kikipiga porojo. Sasa kilinong'ona neno moja, bila kuvuta pumzi. Tulifika mahali ambapo mikono mitatu ilikutana. Nilitafuta tawi lililokatwa, sikuliona. Nilitafuta alama ya nyayo, maji yalikuwa yameilamba. Hata mkondo haukunionyesha upande wa kutokea, maana maji yalikuwa yamejaa pale kati, yakizunguka. Nyuma yetu jiwe liliporomoka ukutani, likagonga, likagonga tena, likatulia.

"Kushoto," nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua.

Tuliingia kushoto. Kuta zilisogea hata ningeweza kuzigusa zote mbili kwa mikono. Tukazunguka kona, tukazunguka nyingine. Kisha mbele yangu pakawa na mwamba mtupu, mrefu, umelowa, na juu yake maji membamba ya rangi ya chai yalikuwa yameanza kuteleza kuja kwetu.

Nilisimama nimeuelekea ukuta ule kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Fundi," mke wangu alisema nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nambie ukweli. Ni presha?"

"Nini?"

"Umeshika kifua. Umeshika fimbo. Jasho limekulowesha shati lote. Ukianguka hapa mimi nitakubeba na nini? Nambie tu, tukae chini, upumzike."

"Si presha."

"Basi nini?"

Niligeuka. Nikashusha sauti, kwa kuwa nilijua anasikiliza, yule mwingine. "Kuna mtu," nilinong'ona. "Anatufuata tangu asubuhi. Ana kisu. Nilifunga alama njia nzima ili tuweze kurudi, naye amezikata zote. Nimeona alipokata. Nimepotea, mama. Na maji yanapanda."

Uso wake ulibadilika. Nilifikiri ataanza kulia. Kilichotokea ni kwamba alitoa mkono mfukoni polepole, akaufungua.

"Alama hizi?" alisema.

Vilikuwa vyote. Vimechomekwa kwenye pini kubwa, kimoja juu ya kingine, kama anavyochomeka mabaki ya nyuzi ndefu asizopenda kutupa. Na shingoni mwake ulining'inia ule mkasi mdogo, kwa kamba yake, kama ulivyoning'inia kila siku ya maisha yetu.

Niliutazama mkasi, nikamtazama yeye. 

"Usinitazame hivyo," alisema. "Wewe unapinda kona, sikuoni, naona kitambaa, najua umepita hapo. Nikajua unanifungia mimi nikufuate. Nikifika, kazi yake imekwisha, nakitoa. Ulitaka nikiache? Tangu lini bandi ikaachwa kwenye nguo?"

"Zilikuwa za kurudia!"

"Ulisema?"

"Haina haja ya kusema!"

"Basi na mimi niliona haina haja ya kuuliza!"

Sauti zetu zilipanda ukutani zikaturudia, za watu wawili wakali wasiojulikana. Maji yalikuwa yamefika katikati ya miundi. Hakukuwa na mtu mwenye kisu. Nilitazamia kupata nafuu, lakini nafuu haikuja, kwa sababu mtu mwenye kisu unaweza kumpiga fimbo.

"Mimi nimetuua," mke wangu alisema.

"Bado."

Nilimpokonya ile pini, sijui kwa nini, labda kwa hasira, labda ili mikono yangu iwe na kazi. Na ndipo nilipoona kwamba kila kitambaa bado kilikuwa na fundo langu, na ndani ya kila fundo palikuwa na kijiti.

"Mafundo yako hayafunguki," alisema. "Niliona nisisumbuke. Nilikata na tawi lake."

Cha juu kabisa kilikuwa na kijiti chenye miiba yenye ncha nyeupe. Cha chini yake kilikuwa na jani la duara. Cha chini yake kijiti cha ganda la kijivu, linalobanduka kama la kitunguu. Alichokitoa mwisho kiko juu, alichokitoa kwanza kiko chini. Pini ilikuwa na njia yote, imepangwa kinyume, kama tulivyoihitaji.

"Hiki cha miiba tumekipita," nilisema. "Cha jani la duara pia, ule mti niliuona umekatwa. Tunatafuta cha ganda la kijivu."

"Naukumbuka," alisema. Alinipokonya pini yake. "Ulikuwa umeufunga chini mno, niliinama magoti yakalia. Kando yake kuna jiwe lenye ufa. Nipishe."

Akapita mbele yangu. Katika maisha yetu sikumbuki siku nyingine. Nilishika ncha ya sweta lake, naye akaninyang'anya fimbo akaanza kupimia maji.

Tulirudi mpaka kwenye ile mikono mitatu. Maji yalikuwa magotini na yana nguvu, yanavuta miguu kwa upande. Katika mkono wa kulia palikuwa na mti wa ganda la kijivu. Katika mkono wa katikati palikuwa na mwingine, pacha wake. Kwenye yote miwili matawi ya chini yalikuwa yamevunjikavunjika, na lile jiwe lenye ufa halikuonekana, limeshafunikwa.

"Upi?" niliuliza.

Alikwenda kwenye mti wa kulia, akazamisha mkono, akapapasa, akashika ncha moja, akaweka kijiti chake juu yake. Hakikukaa. Akajaribu ncha nyingine. Kipande cha gogo kilipita kati yetu kikanigonga paja. Kutoka juu ya korongo, mbali, nilisikia mlio ambao sikuwahi kuusikia, mzito, kama malori mengi yanayomwaga kokoto kwa pamoja, lakini yasiyomaliza kumwaga.

"Pasi," nilimwita. Jina hilo sikulitumia ila tukigombana. "Harakisha."

"Nikiharakisha nitakosea. Nyamaza."

Alivuka kwenda kwenye mti wa katikati, maji yakimfika mapajani, nami nikiwa nimeshika sweta lake kwa mikono miwili. Akapapasa. Akashika ncha. Akaweka kijiti juu yake, akakizungusha kidogo, kama mtu anayetafuta tundu la kifungo gizani. Nikaona mkato ukikaa juu ya mkato, ganda likikutana na ganda, bila mwanya.

"Huu hapa," alisema.

Tukapita katikati. Kilichofuata kilikuwa kijiti chenye harufu ya dawa, akakinusa, akanusa hewa, akaelekea kulia. Kilichofuata alikitambua kwa macho tu. Nilisikia pumzi yake na yangu, na nyuma yetu ule mlio, ambao haukuwa tena mbali. Tulipita chini ya mti wa kiatu. Niliinua macho. Kilikuwa palepale, juu, kimetoa ulimi wake, kinasubiri.

Mbele kidogo korongo lilipanuka. Tulipanda mteremko wa mawe kwa mikono na magoti, yeye mbele, mimi namsukuma kutoka chini, bila haya, kama mtu anayepakia gunia. Tulikuwa hatujafika kwenye mnyororo nilipohisi ardhi inatetemeka. Tukageuka.

Yalitoka kwenye kona kwa pamoja, ukuta mmoja wa rangi ya udongo, miti mizima ndani yake ikijipindua. Mti wa kiatu ulitikisika mara moja, ukainama, halafu pale ulipokuwa pakawa maji. Mahali tulipokuwa tumesimama muda mfupi uliopita, tukipangana nani atangulie kupanda, hapakuwa na mahali tena.

Honi ilipigwa juu yetu, ikapigwa na kupigwa. Mkwe wetu alikuja akikimbia, mlinzi nyuma yake, viatu vyao vikimimina mawe.

"Baba! Mama! Mko salama? Mmetokaje humo?"

"Kwa miguu," mke wangu alisema.

Mkwe wetu alimtazama mkono, akaguta. "Mama, damu!"

Nami niliona. Kiganja chake chote kilikuwa chekundu, mpaka kwenye kifundo cha mkono, na mfuko wa sweta pia. Nilimshika mkono ule nikaufungua kwa nguvu, kidole kimoja kimoja, kwa sababu ulikuwa umekaza. Ndani yake kulikuwa na ile pini na vitambaa vyangu, vimelowa na kuminywa hata vikawa kitu kimoja. Hapakuwa na jeraha.

"Nilikuambia kinachuja," alisema mke wangu. "Siku ile ile uliyokileta nyumbani."

Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, tayari kwa ubishi, na nilikuwa karibu kuamini kwamba yeye hakuogopa hata kidogo. Lakini ule mkasi uliokuwa shingoni mwake ulikuwa ukigonga vifungo vya sweta, tiki, tiki, tiki, na ingawa hakuwa akitembea, haukuacha.